Tairi Lililolika: Uwanjani Rafiki, Mvuani Adui

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno ya Afisa Elimu kama yalivyosomwa hewani.

KWA MWALIMU WA DARASA: Kabla ya somo kuanza, weka mezani raba mbili za kufutia maandishi, sinia moja, kikombe cha maji, na ndala mbili: moja mpya, na moja iliyolika mpaka chini yake ni laini. Kila mwanafunzi awe na kalamu na daftari. Andika ubaoni namba hii: 1.6.

  

Leo tutazungumza juu ya tairi la gari. Tafadhali usiseme, "Mimi sina gari, somo hili halinihusu." Kila mtu aliyepata kupanda basi kwenda msibani, au kupakia mazao yake katika gari kwenda sokoni, aliiweka roho yake juu ya matairi. Katika gari dogo, sehemu ya tairi inayogusa barabara wakati mmoja ni kama kiganja cha mtu mzima tu. Gari zima linashikwa na viganja vinne. Viganja hivyo vikiachia, usukani hauna kazi, na breki hazina kazi.

Swali la leo ni hili. Vijana wengi hutazama mbio za magari katika televisheni. Huona magari yanayokwenda kilomita 300 kwa saa, na matairi yake hayana jino hata moja. Ni laini kama chupa. Kisha kijana hutoka nje, akamwona askari wa usalama barabarani amemsimamisha dereva kwa kosa la tairi kipara. Kijana hucheka, akasema, "Bingwa wa dunia anashinda kwa kipara. Sisi twakatazwa kwa nini?"

Swali hili si la mjinga. Ni swali la mtu anayetumia macho yake. Na liko jambo jingine la kulitia nguvu. Katika nchi kama Uingereza, Ujerumani na Marekani, watu wenye magari ya kawaida hulipa ada siku ya mapumziko, wakapeleka magari yao katika uwanja wa mbio na kuyaendesha kwa kasi, bila kushindania zawadi. Baadhi yao huchagua kwa makusudi matairi ya barabarani yaliyokwisha kulika nusu. Je, watu hawa wamerukwa na akili? Hapana. Wana sababu, na sababu yao ni ya kweli. Lakini ina mpaka wake, na mpaka huo ni maji. Tujifunze sababu, kisha tujifunze mpaka.

MENO YA TAIRI NI YA NINI?

Ukitazama tairi jipya utaona vipande vya mpira vilivyosimama. Hivyo ndivyo tunavyoviita meno. Kati ya jino na jino kuna mifereji. Katika tairi jipya la gari dogo, mifereji hiyo huwa na kina cha milimita 8 hivi.

Watu wengi hudhani kwamba meno ya tairi yanaishika barabara kama kucha za paka zinavyoshika mti. Juu ya udongo na matope, jambo hilo lina ukweli. Lakini juu ya lami kavu si hivyo. Juu ya lami kavu kinachoshika ni mpira wenyewe unapokutana na lami. Mfereji hauna mpira. Una hewa tu, nayo hewa haishiki kitu. Basi tairi lenye mifereji mingi lina mpira mchache unaogusa chini. Tairi laini lina mpira mwingi unaogusa chini. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili tutaiona kwa raba. Mwalimu, chukua raba moja uisimamishe wima juu ya meza. Ibonyeze kwa kidole, kisha isukume upande. Mnaona? Inapinda na kutikisika. Sasa chukua raba ya pili, uilaze chali. Ibonyeze na kuisukuma vilevile. Hii haipindi. Imetulia.

Jino refu la tairi jipya ni kama raba iliyosimama. Dereva akikata kona kwa kasi, jino linapinda, linarudi, linapinda tena, mara nyingi katika kila dakika. Kwa hiyo gari halifuati usukani upesi. Tena kitu kinachopindwa-pindwa hupata moto. Chukua waya, uupinde mara kumi pale pale, kisha uguse; utaona umepata joto. Ndivyo meno marefu yanavyopata moto uwanjani, na mpira ukipata moto kupita kiasi huchubuka na kumeguka vipande. Tairi lililolika lina meno mafupi, kama raba iliyolala. Halipindi sana, halipati moto upesi, na linafuata usukani.

Huko Marekani, watu wanaoshindana kwa matairi ya barabarani wamelijua jambo hili kwa miaka mingi. Wako wanaonunua tairi jipya kabisa, kisha wanalipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kulinyoa, kama kinyozi anavyonyoa nywele, mpaka meno yabaki milimita 3 au 4. Wanatupa mpira walioulipia fedha! Lakini kwa kazi yao, katika siku ya jua, wanapata faida.

Sasa mmeona kwamba yule anayekwenda uwanjani na tairi lililolika nusu si mwehu. Anapata meno mafupi bila kumlipa kinyozi. Tena anayamaliza matairi ambayo hata hivyo yalikuwa karibu kwisha. Kwa mtu mwenye kuhesabu fedha zake, hilo ni jambo la maana.

KIPARA CHA BINGWA SI KIPARA CHA BARABARANI

Lakini ngojeni kwanza. Msikimbie na nusu ya somo.

Tairi laini la gari la mashindano halikulika. Lilizaliwa hivyo. Katika mashindano ya magari yaitwayo Formula 1, matairi laini yalianza kutumika mwaka 1971. Mpira wake umechanganywa kwa namna nyingine kabisa: ni laini, unanata ukipata joto, na haukukusudiwa kuishi muda mrefu. Tairi moja humaliza kazi yake katika mwendo mfupi kuliko safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Likisha, hutolewa, likawekwa jingine.

Tairi la barabarani limetengenezwa liishi miaka na kwenda maelfu ya kilomita. Mpira wake ni mgumu zaidi. Likifika hali ya kipara, limekwisha pigwa na jua, hewa na joto kwa muda mrefu, na mpira wake umezidi kuwa mgumu. Zaidi ya hayo, chini ya meno hakuna akiba kubwa. Iko ngozi nyembamba ya mpira, na chini ya ngozi ni nyuzi na nyaya zinazolishikilia tairi lisipasuke. Ukiziona nyuzi hizo, tairi limekwisha kufa. Linangojea kuzikwa tu.

Kwa hiyo tutofautishe maneno matatu. Andikeni katika daftari:

La kwanza ni KULIKA. Meno yamepungua, lakini yapo, na yamepungua sawasawa pande zote.

La pili ni KUHARIBIKA. Tairi lina uvimbe ubavuni, au limechanika, au nyuzi zinaonekana.

La tatu ni KUZEEKA. Meno huenda bado ni marefu, lakini mpira umekauka na una nyufa ndogo ndogo.

Tairi lililolika kidogo laweza kutumika uwanjani siku kavu. Tairi lililoharibika halifai uwanjani wala barabarani. Tairi lililozeeka hudanganya macho, kwa sababu mtu hutazama meno tu, akasema, "Hili bado zima." Huo ni udanganyifu mbaya zaidi ya ule wa kipara, maana kipara hakijifichi.

MAJI

Sasa tumefika penye mpaka. Mwalimu, mimina maji kidogo katika sinia. Chukua ndala mpya, ibonyeze ndani ya sinia kwa mkono, uisukume polepole. Kisha fanya hivyo kwa ndala iliyolika. Msizikanyage kwa miguu, tusije tukavunjana mifupa darasani. Linganisheni: ipi inateleza upesi?

Kila mmoja wenu analijua jambo hili nyumbani kwake. Ndala iliyolika, ukitembea nayo uani siku ya jua, haina neno. Utaivaa miezi, tena utasema ni nyepesi na nzuri. Siku utakapoingia nayo bafuni penye maji, ndiyo siku utakayojua kwamba ilikuwa imekwisha.

Tairi nalo ni vivyo hivyo. Lami ikiwa na maji, mpira haugusi lami mpaka maji yaondoke kwanza. Mifereji ndiyo inayopitisha maji hayo kwenda nyuma na pembeni. Mfereji ukiwa na kina, maji yana njia. Mfereji ukiwa umelika, maji hayana njia, basi yanajikusanya mbele ya tairi. Gari likiwa na mwendo, tairi hupanda juu ya maji hayo kama ngalawa. Wakati huo dereva huona usukani umekuwa mwepesi ghafla. Asifurahi. Gari haliko barabarani tena, linaelea.

Watengenezaji wa matairi ya Formula 1 husema kwamba tairi lao la mvua kubwa laweza kuondoa lita 85 za maji kwa sekunde moja, gari likiwa katika mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Lita 85 ni zaidi ya ndoo nne za lita ishirini. Tairi moja, sekunde moja! Ndiyo sababu mvua ikinyesha, bingwa yule mnayemtazama katika televisheni haendelei na kipara chake. Huingia mbio kwa mafundi wake, akawekewa matairi yenye mifereji. Kijana aliyeondoka mbele ya televisheni kabla ya mvua kunyesha hakuiona sehemu hiyo ya somo.

HABARI YA NÜRBURGRING, MWAKA 2007

Nitawapa mfano mmoja wa kweli. Huko Ujerumani, katika vilima vya Eifel, pana uwanja wa mbio uitwao Nürburgring. Tarehe 22 Julai, mwaka 2007, palikuwa na mashindano ya Formula 1. Wakati ule sheria za mashindano zilikataza matairi laini kabisa. Katazo hilo lilianza mwaka 1998 na likaondolewa mwaka 2009. Mwaka 2007 tairi la siku kavu lilikuwa na mifereji minne iliyolizunguka, kila mmoja una kina cha milimita 2.5. Shikeni namba hiyo, 2.5, maana nitairudia.

Magari yalikuwa 22. Karibu wote walianza na matairi ya siku kavu. Dereva mmoja wa Kijerumani, Markus Winkelhock, alikuwa wa mwisho kabisa. Gari lake lilikuwa miongoni mwa magari ya polepole, na yeye mwenyewe hakupata kushindana katika Formula 1 kabla ya siku ile. Mafundi wake walitazama mawingu, wakamwita kabla mbio hazijaanza, wakamwekea matairi ya mvua.

Mbio zilipoanza, mvua ikashuka katika mzunguko wa kwanza. Aliyekuwa mbele ni Kimi Räikkönen, mtu ambaye mwaka ule ule alitwaa ubingwa wa dunia. Räikkönen alitaka kuingia kwa mafundi kubadili matairi. Gari likateleza juu ya maji, akaukosa mlango, ikambidi azunguke tena uwanja mzima kwa matairi yale yale. Na yule wa mwisho, Winkelhock, akawapita mabingwa wote, akawa wa kwanza, akawaacha kwa zaidi ya nusu dakika. Mvua ikazidi, magari kadhaa yakaelea na kutoka nje katika kona ya kwanza, mpaka mbio zikasimamishwa kwa muda. Baadaye zilianza tena, na gari la Winkelhock likaharibika, asiweze kumaliza.

Funzo ni nini? Ustadi wa bingwa haukupungua katika dakika tano zile. Nguvu za gari lake hazikupungua. Kilichobadilika ni maji, na aliyeshinda maji ni mwenye matairi ya maji. Kama mtu stadi kuliko wote duniani, mwenye gari zuri kuliko yote, aliteleza kwa mifereji ya milimita 2.5, wewe na mimi tutafanya nini kwa mifereji ya milimita moja?

HESABU KIDOGO

Mwaka 1963, watafiti wawili wa NASA huko Marekani, Walter Horne na Robert Dreher, walichapisha uchunguzi wao juu ya matairi ya ndege yanayoelea juu ya maji. Walipata kanuni moja fupi. Maji yakiwa mengi kuliko mifereji inavyoweza kuyachukua, mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea upepo uliomo ndani yake.

Hesabu yake ni hii. Chukua upepo wa tairi, tuseme ratili 36 kwa inchi ya mraba, kama kinavyosoma kipimo cha upepo. Tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 36. Namba hiyo ni 6. Zidisha 6 kwa 9, unapata 54. Hizo ni maili za baharini 54 kwa saa, yaani kilomita 100 hivi kwa saa.

Sasa tufanye tairi lenye upepo wa 25. Namba inayozidishwa kwa yenyewe kuleta 25 ni 5. Mara 9 ni 45. Hizo ni kilomita 83 hivi kwa saa.

Kwa gari dogo hayo ni makadirio tu, maana tairi lake si sawa na la ndege. Lakini maana yake ni wazi: tairi lenye upepo mdogo huelea mapema zaidi. Kumbukeni hilo, kwa sababu sasa tunamfuata mtu wetu anayetoka uwanjani kwenda nyumbani.

HATARI IKO NJIANI KURUDI

Pale pale Nürburgring ipo njia ya kale, iliyofunguliwa mwaka 1927, yenye urefu wa kilomita 20.8 hivi. Siku fulani watu wote wenye magari huruhusiwa kuingia kwa kulipa. Siku hizo njia ile huhesabiwa kuwa barabara ya umma ya kulipia, ya upande mmoja, na sheria za barabarani za Ujerumani hutumika. Matairi laini ya mashindano hayaruhusiwi humo. Kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6. Mwalimu, waonyeshe namba ile ubaoni.

Mtu wetu amefika asubuhi kwa gari lake la kila siku. Matairi yamelika nusu, yana milimita 3. Jua linawaka. Anazunguka mara kadhaa, na gari linakata kona vizuri ajabu. Upepo ndani ya matairi unapanda kwa sababu ya joto, naye anaupunguza kidogo, kama wafanyavyo watu wa uwanjani. Hajakosea lolote bado.

Jioni inafika. Matairi yanapoa, na upepo unashuka chini ya kipimo cha barabarani. Zile milimita 3 za asubuhi si 3 tena. Mwendo wa uwanjani hula mpira upesi, hasa katika mabega ya tairi, mahali ambapo macho hayafiki kirahisi. Mtu wetu amechoka, moyo wake umejaa furaha, na masikio yake bado yamezoea kasi. Na wingu linatanda.

Ndugu wasikilizaji, hatari haikuwa katika kona za uwanja. Kule njia ni ya upande mmoja, na wote waliomo wamekuja kwa kasi na wanajua. Hatari iko barabarani, katika mvua, kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 90, mbele ya mtoto anayevuka na lori linalokuja. Tairi ni lile lile lililomfurahisha adhuhuri. Tairi halikumbuki kwamba lilisifiwa. Linajua ukavu na maji tu.

Wako wenye busara ambao huenda uwanjani na magurudumu ya akiba. Hufunga matairi ya kuchezea wakifika, na wakimaliza hufunga matairi ya kurudia nyumbani. Asiyeweza kuchukua magurudumu mengine na afanye mambo matano haya:

1. Kabla ya kwenda, apime mifereji katika kila tairi, ndani, katikati na nje. Kama iko karibu na milimita 1.6, asiende, maana ataondoka uwanjani akiwa ndani ya kosa.

2. Apapase tairi kwa kiganja, atafute uvimbe, mpasuko na nyuzi.

3. Atembee uwanjani kwa mizunguko michache, kisha apoze gari kwa mwendo wa pole kabla ya kusimama.

4. Kabla ya kurudi, matairi yakiwa yamepoa, arudishe upepo mpaka kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, na akaze nati za magurudumu.

5. Mvua ikinyesha, apunguze mwendo mapema, au asubiri ipite. Kuchelewa nyumbani si aibu.

KUSOMA TAIRI

Nyinyi mmejifunza kusoma. Basi someni tairi, maana limeandikwa kama kitabu.

Ubavuni utaona, kwa mfano, 205/55 R 16 91 V. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 ni kwamba kimo cha ubavu wake ni sehemu 55 katika 100 za upana huo. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba 16 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Namba 91 ni alama ya mzigo, na maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. V ni mwendo wa juu, kilomita 240 kwa saa, tairi likiwa zima.

Kisha tafuta herufi DOT, na mwishoni mwake namba nne. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Hapo ndipo utakapojua kama tairi unalouziwa kwa jina la "jipya" ni jipya kweli, au limelala dukani miaka.

Mwisho, tafuta herufi TWI au alama ndogo ya pembetatu penye bega la tairi. Ukifuata alama hiyo hadi ndani ya mfereji utaona tuta dogo la mpira. Kimo chake ni milimita 1.6. Meno yakilingana na tuta hilo, tairi limefika mwisho wa sheria katika Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Huko Uingereza faini yaweza kufika pauni 2,500 kwa kila tairi moja. Wamarekani wengi hupima kwa sarafu yao ya senti moja: huitia mfereji kichwa cha Lincoln kikielekea chini, na kichwa kizima kikionekana, tairi limekwisha.

Huhitaji shahada kulitazama tuta lile. Abiria anaweza kuinama na kulitazama kabla ya kupanda. Akimwambia dereva kwa adabu, "Ndugu yangu, hili la nyuma limefika kwenye tuta, na masika yameanza," hajamvunjia mtu heshima. Amesoma tu kilichoandikwa.

NENO LA MWISHO

Yule kijana aliyecheka tumpe jibu lake. Mwanangu, bingwa hashindi kwa sababu ya kipara. Anashinda kwa sababu ana tairi la jua siku ya jua, na tairi la mvua siku ya mvua, na mafundi wa kulibadili kwa sekunde chache. Dereva wa barabarani hana mafundi wanaomngojea kila kona. Ana tairi moja kwa hali zote, basi lazima liwe na mifereji. Wahenga walisema, bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Na tairi likiisha kabisa, msilionee huruma. Bado lina kazi. Mpeleke fundi wa katambuga, akate viatu. Katambuga ikiteleza, mtu mmoja huanguka, akainuka, akajipangusa vumbi.

Mpaka juma lijalo, kwaherini. Someni, na muwasomee wenzenu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kulika: kupungua kidogo kidogo kwa kusuguliwa.
Mfereji: njia ya maji.
Kuelea: kukaa juu ya maji bila kugusa chini.
Rimu: chuma cha gurudumu kinachovaa tairi.
Ratili: kipimo cha uzito, hapa hutumika kupimia upepo.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini tairi lenye meno mafupi hukata kona vizuri juu ya lami kavu?
2. Taja tofauti ya tairi lililolika, lililoharibika na lililozeeka.
3. Tairi limeandikwa 4121 baada ya DOT. Lilitengenezwa lini?
4. Tairi lina upepo wa ratili 16. Kwa kanuni ya mwaka 1963, litaanza kuelea kwa maili ngapi za baharini kwa saa?
5. Nendeni pamoja kwenye gari lililo karibu, kwa idhini ya mwenyewe. Tafuteni tuta la ndani ya mfereji. Matairi yana meno yaliyobaki juu ya tuta? Mngekubali kusafiri nalo usiku wa mvua?